UZI: Huseyn Shaheed Suhrawardy, Mbengali anayelaaniwa Calcutta na kuheshimiwa Dhaka

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Sheikh Hasina, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Bangladesh, akimbilie India Agosti 5, 2024, kila ikiguswa habari ya Bangladesh humu ndani mjadala unaanzia kwa baba yake, Sheikh Mujibur Rahman, mwasisi wa nchi hiyo, na unaishia hapohapo. Leo naomba turudi nyuma zaidi. Mujib naye alilelewa kisiasa na mtu, na mtu huyo ni Huseyn Shaheed Suhrawardy. India wapo wanaomwita mchinjaji mpaka kesho. Pakistan alikuwa Waziri Mkuu kwa miezi 13, kisha akafungiwa siasa na kuwekwa ndani. Bangladesh kaburi lake lipo kwenye jengo la makaburi ya viongozi watatu katikati ya Dhaka, na uwanja mkubwa wa kihistoria wa jiji unaitwa kwa jina lake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusibishane gizani: naamini ana deni la damu ya mauaji ya Calcutta ya Agosti 1946, na naamini pia kwamba alichofanya mwaka mmoja baadaye, ndani ya jiji lilelile, ni wanasiasa wachache sana waliowahi kukifanya. Wengi wanachukua nusu moja na kuitupa nyingine. Mimi nataka tuzibebe zote mbili.

Nitashusha kwa vipande.

KIPANDE CHA KWANZA: UKOO

Alizaliwa Septemba 8, 1892 Midnapore, Bengal (jimbo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh), wakati India yote ikiwa chini ya Uingereza. Baba yake, Zahid Suhrawardy, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Mama yake, Khujista Akhtar Banu, alikuwa mwandishi wa Kiurdu, enzi ambazo mwanamke wa Kiislamu kushika kalamu hadharani lilikuwa jambo zito. Kaka yake Shahid alikuwa mshairi na profesa wa sanaa, aliyewahi kufanya kazi na wasanii wa maigizo kule Moscow, na baadaye akawa balozi wa Pakistan nchini Hispania.

Sasa mjomba wake, Hassan Suhrawardy, daktari wa upasuaji na makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Calcutta. Februari 6, 1932, kwenye mahafali ya chuo, binti wa miaka 20 aitwaye Bina Das alisimama ukumbini akamfyatulia risasi Gavana wa Bengal, Stanley Jackson. Hassan ndiye aliyemrukia yule binti na kumdhibiti. Waingereza wakampa cheo cha Sir. Kwa Wabengali wengi Bina Das ni shujaa wa uhuru, kwa hiyo mnaweza kufikiria jina la Suhrawardy lilianza kubeba mzigo gani mitaani hata kabla mpwa hajafika kileleni.

Mke wake wa kwanza, Niaz Fatima, alikuwa binti wa Sir Abdur Rahim, jaji na mwanasiasa mkubwa aliyekuja kuwa spika wa Bunge la India ya kikoloni. Walioana 1920, mke akafariki 1922, akamwachia watoto wawili wadogo.

Kijana mwenyewe alisoma Calcutta, akaenda Oxford, akafuzu uwakili London, akarudi nyumbani. Mwaka 1921 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Bengal. Mtoto wa jaji, mpwa wa makamu mkuu wa chuo, mkwe wa Sir. Njia ilikuwa imeshafagiliwa.

#2 bint_Tanga

Mkuu nimekaa mkao wa kula, endelea. Ila swali: hilo jina mbona limekaa kisufi? Na kama nyumbani walikuwa watu wa Kiurdu, huyu ni Mbengali kweli?

#3 Mleta mada

Dada umeuliza penyewe. Ukoo unajinasibisha na masheikh wa tarika ya Suhrawardiyya, ndiyo maana jina limekaa hivyo. Na ndiyo, nyumbani kwao kilitawala Kiurdu. Kibengali alikuja kujifunza na kukitumia kwenye siasa, na hakuwahi kukimwaga kama mtu wa kijijini. Wapinzani wake walimpiga sana hapo: huyu bwana wa Calcutta, mwenye suti na Kiingereza cha Oxford, anawajua wapi wakulima wa mpunga?

Ila angalieni alikojijengea nguvu. Hakutegemea mashamba kama wenye ardhi wengine. Alishuka bandarini na viwandani. Alipanga vyama vya wafanyakazi wa mabaharia, wa reli, wa viwanda vya juti, wa wasukuma mikokoteni. Huko ndiko alikopata umati wake. Kama Ubengali ni kusimama na watu wa Bengal kwenye kura na migomo, basi alikuwa nao.

KIPANDE CHA PILI: MWANAFUNZI WA C. R. DAS

Hapa watu wengi huparuka, na ndipo pa kumwelewa.

Mwaka 1923 kiongozi wa Kihindu aliyependwa sana Bengal, Chittaranjan Das, alitengeneza makubaliano na viongozi wa Kiislamu yaliyojulikana kama Mkataba wa Bengal. Waislamu walikuwa zaidi ya nusu ya watu wa jimbo lakini maofisini hawaonekani. Das akasema India ikijitawala, asilimia 55 ya kazi za serikali jimboni ziende kwao. Wahindu wengi wenye vyeo walikasirika. Chama cha Congress cha kitaifa kikaukataa. Das hakurudi nyuma.

Mwaka 1924 Das akawa meya wa Calcutta. Naibu meya: Suhrawardy. Mtendaji mkuu wa jiji: Subhas Chandra Bose, yuleyule aliyekuja kuongoza jeshi la kupigana na Waingereza. Fikirieni ofisi moja ya halmashauri ina watu watatu hao!

Das akafariki Juni 1925. Mkataba ukazikwa naye. Mwaka 1926 Calcutta ikaingia kwenye ghasia za Wahindu na Waislamu, na Suhrawardy akajiegemeza upande wa Waislamu. Naona hapo ndipo Bengal ilipoteza nafasi yake kubwa kuliko zote. Kijana aliyefundishwa siasa ya kuishi pamoja alibaki bila mwalimu, akaokota siasa iliyokuwa inalipa.

#4 Mwananyamala kwetu

Tuko pamoja mkuu. Ila usiruke njaa ya 1943. Huyu jamaa alikuwa waziri wa chakula watu wakifa kama kuku.

#5 Mleta mada

Siiruki.

KIPANDE CHA TATU: NJAA

Mwaka 1942 Wajapani waliteka Burma (Myanmar ya leo), mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Waingereza, kwa hofu kwamba Wajapani wataingia Bengal, wakachukua au kuharibu maelfu ya mashua za wavuvi na wasafirishaji kwenye maeneo ya pwani, na kuondoa akiba ya mchele. Bengal ni nchi ya mito. Ukimnyang'anya mtu mashua pale umemnyang'anya barabara, soko na samaki wake kwa mpigo. Oktoba 1942 kimbunga kikapiga Midnapore, mkoa aliozaliwa Suhrawardy. Bei ya mchele ikapaa, wenye maghala wakafungia, serikali ya London ikasuasua kuleta nafaka.

Aprili 1943 Suhrawardy akawa waziri wa ugavi katika serikali ya Khawaja Nazimuddin. Alikuta moto umeshawaka. Lakini na yeye ana yake. Miezi ya mwanzo alisimama hadharani kuwaambia watu kwamba upungufu si mkubwa, akidhani akiondoa hofu wenye maghala watatoa mchele. Hawakutoa. Kazi ya kununua nafaka ya serikali ikawa mikononi mwa kampuni ya Ispahani, mfanyabiashara aliyekuwa nguzo ya Muslim League, chama cha siasa cha Waislamu wa India. Hilo lilinuka wakati ule na linanuka leo.

Wengi wanakadiria waliokufa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Siwezi kumtwika waziri wa jimbo mzigo wa serikali ya vita ya Uingereza. Ila kumwondoa kabisa kwenye orodha, hapana.

KIPANDE CHA NNE: AGOSTI 16, 1946

Uchaguzi wa 1946 Muslim League ilizoa karibu viti vyote vya Waislamu Bengal, na mratibu wake mkuu alikuwa Suhrawardy. Aprili akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Mwezi huohuo, kwenye mkutano wa wabunge wa League mjini Delhi, yeye ndiye aliyewasilisha azimio la kutaka Pakistan, nchi ya Waislamu waliyokuwa wakiidai, iwe nchi MOJA. Azimio la awali la Lahore la 1940, ambalo liliwasilishwa na Mbengali mwenzake Fazlul Huq, lilizungumzia nchi kwa wingi. Azimio la 1946 liliyafunga majimbo ya Bengal, mashariki, na Punjab, magharibi, kwenye kamba moja, na India nzima ikiwa katikati. Mwanafunzi wake Mujib alikuja kumaliza maisha yake akiifungua kamba hiyo.

Kisha Jinnah, kiongozi mkuu wa League, akatangaza Agosti 16 kuwa Siku ya Hatua ya Moja kwa Moja, ya kushinikiza Pakistan. Ilikuwa Ijumaa, ndani ya Ramadhani. Serikali ya Suhrawardy ikaifanya siku hiyo kuwa mapumziko. Maandamano makubwa yakakusanyika mchana Calcutta, kwenye mnara wa Ochterlony, na Suhrawardy akahutubia. Ripoti za Waingereza zilidai aliuambia umati kwamba amehakikisha polisi na jeshi hawataingilia. Wanahistoria bado wanabishana alitumia maneno gani hasa. Kisichobishaniwa ni kwamba wizara ya mambo ya ndani, yenye polisi, ilikuwa mikononi mwake yeye mwenyewe.

Kilichofuata ni siku za mauaji. Waislamu waliua Wahindu, Wahindu wakaua Waislamu, kila mtaa na genge lake. Idadi inayotajwa sana ni watu 4,000 waliouawa na 100,000 kukosa makazi. Suhrawardy alishinda kwenye chumba cha uongozi cha polisi pale Lalbazar. Wafuasi wake wanasema alikuwa akipeleka msaada, wapinzani wanasema alikuwa akiwafunga polisi mikono. Gavana Burrows naye alichelewa kumwaga jeshi.

#6 Nyota ya Kaskazini

Mleta mada, kwa heshima zote, unamsafisha muuaji. "Wanahistoria wanabishana" ni lugha ya kukwepa. Mtu ana polisi, anatangaza mapumziko, anawapandisha watu jazba kwenye jiji lenye chuki kama ile. Unataka ushahidi gani tena?

#7 Mleta mada

Mkuu, nakubaliana na wewe kwenye uwajibikaji. Mwenye polisi ndiye mwenye jibu. Kutangaza mapumziko siku kama ile kulimwaga barabarani maelfu ya vijana wasio na kazi ya kufanya, na mwanasiasa aliyekulia Calcutta alipaswa kuliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nisichokubali ni hadithi kwamba alikaa akapanga mauaji yale kama ratiba. Sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa Waislamu, wengi wao watu wa hali ya chini waliokuwa ndio mtaji wake wa kura.

Na kumbuka, yeye mwenyewe alikuja kulijibu swali lako. Hadharani, mbele ya umati uliotaka roho yake. Ndiko tunakoelekea.

KIPANDE CHA TANO: NYUMBA YA BELIAGHATA

Mwanzoni mwa 1947 ilikuwa wazi Waingereza wanaondoka. Wahindu wa Bengal, wakiongozwa na watu kama Syama Prasad Mookerjee, wakadai jimbo ligawanywe. Wengi waliisoma Agosti 1946 kama picha ya maisha yao chini ya serikali ya League, na siwezi kuwalaumu kwa kuogopa.

Aprili 27 Suhrawardy akatoa wazo la tatu: Bengal nzima iwe nchi huru, nje ya India na nje ya Pakistan. Sarat Chandra Bose, kaka wa Subhas, akaungana naye, na Mei wakafikia makubaliano ya awali. Nehru na Patel, viongozi wa Congress, wakakataa katakata. Na Wahindu wengi hawakuweza kumwamini mleta wazo. Juni 20 wabunge wa sehemu ya magharibi wakapiga kura: 58 wagawane, 21 hapana. Wazo likafa. Agosti 5 chama chake chenyewe kikamchagua Nazimuddin kuongoza Bengal ya Mashariki, sehemu iliyokuwa inakwenda Pakistan, kura 75 kwa 39. Hana jimbo, hana chama, na jijini kwake anachukiwa.

Hapo Gandhi akapita Calcutta akielekea Noakhali, wilaya ya mashariki mwa Bengal. Waislamu wa jiji, ambao sasa walikuwa wachache wasio na serikali, walikuwa wanaogopa kisasi. Suhrawardy akamwendea Agosti 11 kumsihi abaki. Gandhi akampa sharti: tukae wote chini ya paa moja, bila polisi wala askari, mpaka mji utulie. Kisha akamwambia arudi nyumbani akashauriane na binti yake kabla ya kujibu. Nalipenda sana jambo hilo. Gandhi alijua anamwomba mtu ahatarishe maisha, na akataka mwenye kubaki yatima awe na neno.

Akakubali. Agosti 13 wakahamia Hydari Manzil, nyumba chakavu ya Mwislamu mtaa wa Beliaghata, choo kimoja kwa watu wote, madirisha wazi pande zote. Vijana wa Kihindu wakaipiga mawe siku hiyohiyo. Walimuuliza Gandhi kwa nini amekuja leo kuwalinda Waislamu na mwaka jana hakuja kuwalinda wao.

Usiku wa Agosti 14, saa chache kabla ya uhuru, umati ukajaa nje ukimtaka Suhrawardy. Gandhi akamleta dirishani, akasimama naye mkono begani. Mtu mmoja akapaza sauti: si wewe mwenye jukumu la mauaji ya Calcutta? Akajibu kwamba wote tunawajibika. Yule mtu akamkatalia, akamtaka ajibu alichoulizwa. Suhrawardy akasema ndiyo, lilikuwa jukumu langu.

Hakusema Jinnah. Hakusema gavana. Hakusema Wahindu ndio walioanza. Alikuwa dirishani bila ulinzi wowote, na umati ule ungeweza kumtoa pale vipandevipande. Ukatulia.

Siku ya uhuru Wahindu na Waislamu wa Calcutta walikumbatiana mitaani na kunyunyiziana marashi, huku Punjab, iliyokuwa na kikosi maalumu cha maelfu ya askari, ikiteketea. Mwisho wa Agosti ghasia zikarudi Calcutta. Gandhi akaanza kufunga Septemba 1, hali wala kunywa isipokuwa maji. Baada ya saa 73 viongozi wa pande zote na magenge yao wakaja kusalimisha silaha na kuahidi amani. Glasi ya juisi aliyofungulia alipewa na mkono wa Suhrawardy.

#8 Mwananyamala kwetu

Aisee. Sikuwahi kuisikia hii ya dirishani. Halafu mtu huyuhuyu akaenda kuongoza Pakistan?

#9 Nyota ya Kaskazini

Nimesoma mara mbili. Bado sijamsamehe, ila naelewa unachokisema. Malizia.

#10 Mleta mada

Kumsamehe si kazi yangu wala yako mkuu, wenye maiti wao ndio wenye haki hiyo. Namalizia.

KIPANDE CHA SITA: PAKISTAN

Alibaki India mpaka 1949. Mwaka 1948 alipokwenda Bengal ya Mashariki kuzungumzia amani, serikali ya Nazimuddin ilimfukuza. India nako wakambana na madai makubwa ya kodi. Akahamia Pakistan.

Juni 23, 1949, pale Rose Garden mjini Dhaka, wanasiasa waliochoshwa na Muslim League wakaunda Awami Muslim League chini ya Maulana Bhashani. Mujib, akiwa gerezani, akapewa ukatibu msaidizi. Suhrawardy akawa kiongozi wao wa ngazi ya taifa. Mwaka 1955 neno "Muslim" likaondolewa ili Wahindu waingie, na mimi naona kivuli cha C. R. Das pale. Mwaka mmoja nyuma muungano wao na Fazlul Huq ulikuwa umeshinda viti 223 kati ya 237 vya Waislamu. Chama kilichozaa Pakistan kilifutika Bengal ndani ya miaka saba.

Septemba 12, 1956 akawa Waziri Mkuu wa Pakistan. Chama chake kilikuwa na wabunge kama kumi na tatu tu kati ya 80, alikaa kwa hisani ya chama cha Rais Iskander Mirza. Alifanya moja kubwa: alipitisha sheria ya Waislamu na wasio Waislamu kupiga kura pamoja, badala ya kila dini na orodha yake. Ila aliegemea Marekani mno. Wakati wa mgogoro wa Suez, Misri ilipovamiwa na Uingereza, Ufaransa na Israel, aliwakejeli Waarabu kwamba sifuri kuongeza sifuri ni sifuri. Ilimuumiza sana nyumbani, na sioni cha kumtetea. Bhashani akamkimbia na kuunda chama chake 1957. Oktoba mwaka huo Mirza akaondoa mkono, Suhrawardy akajiuzulu.

Mwaka uliofuata Jenerali Ayub Khan akapindua nchi. Suhrawardy alifungiwa siasa hadi mwisho wa 1966, na Januari 1962 akatiwa ndani Karachi. Wanafunzi wa Dhaka wakaingia barabarani kwa ajili yake. Alitoka Agosti, moyo ukiwa umechoka. Desemba 5, 1963 alifariki hotelini Beirut, peke yake, miaka 71. Mujib hakuwahi kuamini kilikuwa kifo cha kawaida. Mwezi uliofuata alifufua Awami League, jambo ambalo mzee alikuwa akilizuia, na 1966 akatoa hoja zake sita za kujitawala kwa Bengal. Machi 7, 1971 alihutubia Ramna, ule uwanja wa farasi, na Desemba 16 jeshi la Pakistan likasalimu amri palepale, Bengal ya Mashariki ikawa Bangladesh. Sasa unaitwa Suhrawardy Udyan.

#11 bint_Tanga

Mujib alimpatia wapi huyu mzee? Na watoto wake waliishia wapi? Hasa yule binti.

#12 Mleta mada

Mujib alimpata Gopalganj, 1938. Suhrawardy alikuja ziara akiwa waziri, Mujib ni mwanafunzi wa shule ya misheni. Waziri akamhoji, akaandika jina lake kwenye daftari, na siku chache baadaye akamtumia barua ya kumshukuru. Barua ya waziri kwa mwanafunzi wa mji mdogo! Mujib alipokwenda Calcutta kusoma, mlango wa kwanza kuufuata ulikuwa huo.

Binti, Akhtar, aliishi Pakistan. Mtoto wake, Shahida Jamil, alikuja kuwa waziri wa sheria wa Pakistan enzi za mtawala wa kijeshi Musharraf, nchi ileile iliyomfunga babu yake. Kijana wa kwanza alifariki London 1940 angali mdogo. Mwaka huohuo Suhrawardy alimwoa Vera Tiscenko, mwigizaji wa Kirusi, wakaachana 1951. Mtoto wao, Rashid, akawa mwigizaji Uingereza kwa jina la Robert Ashby. Kwenye filamu ya 1998 kuhusu maisha ya Jinnah alipewa nafasi ya Nehru, yule aliyeikataa Bengal moja ya baba yake.

Binamu yake Shaista, mtoto wa Hassan yule wa mahafali, alikuwa mbunge katika bunge la kwanza la Pakistan na baadaye balozi Morocco. Binti yake mmoja aliolewa na Mwanamfalme Hassan wa Jordan. Mwingine, Salma Sobhan, akawa mwanasheria wa haki za binadamu Dhaka. Huyo Salma ni wa kumfungulia uzi wake, mwenye nafasi aanzishe.